Sange Aliyegeuza Shingo

Hadithi, hadithi!
— Ije kwa miguu yake!
Ikija ikae wapi?
— Ikae masikioni!
Na macho je?
— Yangoje zamu yake!

Haya. Wewe uliyejilaza pale, inuka, hadithi haimwagwi kwa mtu aliyelala. Na wewe unayecheka, cheka sasa, maana mbele huko utaogopa.

Hapo kale, kabla Chui hajawa na madoa na kabla Popo hajajifunza kulala kichwa chini, palikuwa na pango. Pango refu, pango la giza, limeingia mlimani kama koo linavyoingia tumboni. Ndani ya pango waliishi wanyama. Kobe alikuwemo. Nungunungu alikuwemo. Popo walikuwemo, ukoo mzima na makelele yao. Na Sange alikuwemo.

Sange mnamjua? Kanyama kadogo, mwili wa panya, miguu kama njiti, na pua, ewe, pua! Ni kama Mungu alianza kumfinyanga ndovu kwa kuanzia puani, udongo ukamwishia hapo hapo. Sange huyu aliishi na mama yake, Bi Kirembe, ambaye alikuwa mzee na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Sasa wanyama hao walikuwa na kazi moja tu. Walitazama ukuta. Asubuhi ukuta. Mchana ukuta. Jioni ukuta. Nyuma yao, huko mlangoni, moto uliwaka siku zote, lakini hawakujua kuwa ni moto. Walijua tu kwamba mgongoni pana joto. Kugeuka ilikuwa mwiko. Chui, mlinzi wa pango, alisema anayegeuza shingo macho yake yanapasuka, pwa! Na ushahidi ulikuwepo. Nyanya yake Nungunungu aligeuka zamani, akapiga yowe, "Macho yangu!" Basi. Hakuna aliyetaka ushahidi wa pili.

Kila siku Chui aliita kutoka nyuma:

"Enyi wa ukutani! Shingo?"

"Mbele!"

"Shingo?"

"Mbele!"

Hapo ukutani wakaanza kupita Wakubwa. Wakubwa walikuwa watatu, weusi ti. Lilikuwepo Jitu, lenye kichwa na meno. Alikuwepo Mwenye Pembe. Alikuwepo Nyoka Mrefu, aliyejikunja na kujikunjua. Kabla Mkubwa hajapita, kila mnyama alitabiri ni nani anakuja. Anayepatia, anashangiliwa. Bingwa wao alikuwa Mzee Kobe, kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba Jitu likipita mara mbili, anayefuata ni Nyoka. Siku zile mtu akijua hilo tu, wanampisha akipita.

Na anayekosa mara tatu? Huyo Jitu linamtaka. Chui humchukua kwa heshima zote, humpeleka nyuma, na waliobaki husikia kitu, khrup! Wakiuliza, huambiwa ni mlango umefungwa.

Basi siku moja ikafika zamu ya Bi Kirembe. Alikuwa amekosa mara mbili. Mara zote mbili alitabiri kitu kimoja, na mara ya tatu akatabiri kile kile.

"Zitapita nyasi," akasema.

Pango zima likaangua kicheko. Popo wakacheka mpaka wakaangukiana. "Nyasi! Nyasi ndiyo nini?"

"Sijui, wanangu," akasema Bi Kirembe. "Neno linanijia lenyewe. Ni kitu kinachopita bila kwenda."

Likapita Jitu. Nyasi hazikupita.

"Kosa la tatu," ikasema sauti ya Chui kutoka nyuma, pole pole, kama mtu anayelamba sahani. "Leo Jitu limeshiba. Kesho mchezo ukiisha, Bi Kirembe atakwenda."

Sange hakungoja kesho. Akamwendea Mzee Kobe.

"Mzee, waliokwenda kwa Jitu wako wapi?"

"Mahali pao panajulikana."

"Panajulikana na nani?"

"Na wanaojua."

"Wewe unajua?"

"Mimi najua kutabiri."

"Kwa hiyo hujui."

Kobe akavuta kichwa ndani ya gamba, akakitoa tena. "Asiyejua maana haambiwi maana, mjukuu wangu. Tazama ukuta."

Sange akarudi kwa mama yake, akalala na swali lake. Lakini swali halikulala. Lilimkuna hapa, likamkuna pale, likamkuna shingoni. Mwishowe akajiambia: "Macho yangu yakipasuka, na yapasuke. Kesho hayatakuwa na mama wa kumtazama."

Akageuza shingo.

Kre-e-ek! Shingo ambayo haijawahi kugeuka huuma kama jino. Sange akageuza kidogo, akapumzika. Akageuza kidogo, akapumzika. Akageuza yote. Na mwanga ukampiga usoni, pa! Machozi yakamtiririka mpaka kwenye ncha ya pua. Akaweka mikono machoni, akangoja kusikia yakipasuka. Hayakupasuka. Yaliuma tu.

Alipofungua akaona kitu cha manjano kinacheza, kinakula kuni, hai na bila miguu. Na mbele ya kitu hicho amekaa Chui, amenona, wa manjano mtupu, anachokonoa meno kwa kijiti. Alipoinua mkia, Sange akatazama ukutani, na ukutani Nyoka Mrefu ameinuka. Chui akashusha mkia. Nyoka akashuka. Chui akakuna sikio kwa tawi kavu. Ukutani Mwenye Pembe akatikisa pembe. Chui akapiga mwayo, aaah! Ukutani Jitu likafunua meno.

Sange akatazama mkia, akatazama ukuta. Mkia, ukuta. Mkia, ukuta. Jamani! Maisha yake yote alikuwa amekiogopa kivuli cha matako ya Chui.

Msicheke sana. Na ninyi mnavyo vyenu.

Chui alipolala usingizi wa mchana, khroo, khroo, Sange akanyata. Nyatu, nyatu, akampita Chui. Nyatu, nyatu, akaupita moto. Nyatu, nyatu, akatokea nje ya mlango wa pango, mchana kweupe.

Na hapo akawa kipofu kabisa.

Hakuona kitu. Weupe mtupu, weupe unaouma. Akajikunyata chini ya jiwe, akalia, akasema kumbe Chui alisema kweli. Lakini akangoja. Kwanza akaiona miguu yake mwenyewe, na chini ya miguu kivuli chake kidogo, akacheka, maana hakikumtisha. Kisha akaona dimbwi la maji, na ndani ya maji kitu cha buluu, kirefu kwenda chini, hakina mwisho. Akaogopa kutumbukia. Akanusa, akagusa kwa pua, buluu ikatikisika yote. Ndipo akainua kichwa na kuona kwamba buluu ile haikuwa dimbwini. Ilikuwa juu. Ilikuwa juu ya kila kitu, na hakuna aliyeishikilia.

Wanangu, kanyama kale kalikaa kitako. Hakakuwa na neno. Maneno yote iliyokuwa nayo pua ile yalikuwa matatu: Jitu, Pembe, Nyoka. Na hapa palikuwa na ndege wekundu, na mchwa wamebeba mabawa, na maua yaliyofunguka bila mtu kuyaambia, na mlima, na nyuma ya mlima mlima mwingine. Na juu ya vyote hivyo jua. Akalitazama kwa kufumba na kufumbua, akaelewa kwamba ule moto wa Chui ulikuwa kaka mdogo sana wa kitu hiki. Akasema kwa sauti ndogo, "Sikujua. Sikujua. Sikujua hata kwamba sikujua."

Kisha upepo ukaja. Fyuuu! Na bonde zima lililokuwa mbele yake, la kijani, likainama, likainuka, likainama, mawimbi kwa mawimbi, yakapita mpaka mbali. Yakapita, na hakuna jani lililoondoka mahali pake.

Kitu kinachopita bila kwenda!

Nywele zikamsimama Sange. Mama hakuwa amekosa kutabiri. Mama alikuwa anakumbuka. Alizaliwa huku, akaingizwa pangoni angali hajafumbua macho vizuri, na nyasi zikabaki ndani yake kama mbegu.

Mguu mmoja wa Sange ukasema, kaa hapa. Mguu wa pili ukasema, mama. Akakaa kidogo akiisikiliza miguu yake. Kisha akarudi pangoni, Chui angali anakoroma.

Sasa hapa nawaambia jambo la kusikitisha. Anayetoka juani akaingia gizani haoni hata pua yake, na ya Sange mnaijua ilivyo. Aliingia akijigonga. Gongo! kwa Nungunungu. Ai! Gongo! kwa Kobe. Akawaambia yote. Kwamba Jitu ni Chui. Kwamba Nyoka ni mkia. Kwamba nje kuna buluu isiyoshikiliwa na mtu.

"Ametoka na macho, amerudi bila macho," wakasema Popo. "Mwone anavyojigonga!"

"Mtie kwenye mchezo," akasema Kobe. "Haya, Sange, tabiri. Nani anapita sasa?"

Sange akakodoa ukutani. Giza tupu. "Sioni."

"Hata kutabiri hawezi tena! Na huyu ndiye wa kutufundisha?"

Wakampiga. Nungunungu akampiga kwa mwiba, Popo wakampiga kwa mabawa. Wangemuua, mama yake asingemlalia juu. Na chini ya mama yake, pua ikiwa imevimba, Sange akawaza: "Nimewaambia, wamenipiga. Basi siambii tena mtu. Sasa nitauliza. Kuuliza si ujinga."

Kesho yake, Chui alipoita shingo na wakajibu mbele, Sange akapaza sauti.

"Bwana Mlinzi! Mimi ni mjinga, na macho yameniharibika. Naomba kuuliza."

"Uliza," akasema Chui. Alikuwa na furaha, ilikuwa siku ya kula.

"Humu pangoni, nani anayewajua Wakubwa kuliko wote?"

"Mimi."

"Kuliko Mzee Kobe?"

"Kobe anajua nini!"

Kobe akakohoa ndani ya gamba, kho, kho.

"Basi Bwana Mlinzi akikaa hapa nasi kutabiri, atamshinda Mzee Kobe?"

"Kwa mbali."

"Na anayeshindwa huenda wapi?"

"Huenda kwa Jitu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."

"Samahani, akili yangu fupi," akasema Sange. "Wakitabiri wote, na wakakosea wote, akapatia Bwana Mlinzi peke yake. Jitu litapata wangapi?"

Kikasikika kitu kinadondoka. Twa. Twa. Twa. Yalikuwa mate ya Chui.

Maana Chui alipiga hesabu upesi. Jitu ni mimi. Nyoka ni mimi. Mwenye Pembe ni mimi. Nikikaa mimi mbele ya ukuta, nani atapita? Hapiti mtu! Nitatabiri kwamba hakitapita kitu, nami nitakula pango zima kwa siku moja, kuanzia kwa Kobe, nianze na laini niishie na gumu, au nianze na gumu?

"Nakaa!" akanguruma.

"Mimi na mama yangu hatumo," akasema Sange. "Mama ameshahukumiwa, nami kipofu. Turuhusu tukangojee nyuma."

"Nendeni. Kipofu atakimbilia wapi?"

Kobe naye, kwa hasira ya kudharauliwa, akakubali mchezo kwa niaba ya wote bila kumuuliza hata mmoja. Hivyo ndivyo mabingwa walivyo. Chui akaja, akajipenyeza katikati yao, joto na harufu, akatazama ukuta.

"Na mchezo una mwiko wake," Sange akaita kutoka nyuma. "Anayegeuza shingo ameshindwa. Si ndiyo, Bwana Mlinzi?"

"Ndiyo! Mwiko nimeuweka mimi!"

"Shingo?"

"Mbele!" wakaitika wote, na Chui akaitika kuliko wote.

"Atapita Mwenye Pembe," akasema Kobe.

"Mwenye Pembe! Mwenye Pembe!" wakasema wengine.

"Hakitapita kitu," akasema Chui, akatabasamu gizani.

Huko nyuma Sange akamshika mama yake mkono, akamkalisha karibu na joto. Kisha akapanda juu ya gogo la kuni lililokuwa ubavuni mwa moto, karibu kabisa, mpaka sharubu zikasinyaa. Jambo alilolijua Sange, Chui hakulijua, kwa kuwa Chui alikuwa mkubwa na hakuwahi kuhitaji kulijua: kadiri kitu kinavyosogea karibu na moto, ndivyo kinavyokuwa kikubwa ukutani.

Ukuta ukajaa.

Likaja Kubwa lisilowahi kuonekana. Miguu yake ilianzia sakafuni, mgongo wake ukapinda kwenye dari, na usoni mwake palikuwa na mkono, mkono mrefu unaning'inia, unanusa, unatafuta. Ukaenda kushoto. Ukaenda kulia. Ukasimama juu ya kichwa cha Chui. Sange akapiga gogo kwa miguu ya nyuma, kama ukoo wao upigavyo hadi leo. Tu-tu-tu-tu! Pango likaitika, TU! TU! TU! TU!

Hakuna aliyepumua. Hata Sange mwenyewe juu ya gogo alipoona alichokifanya, moyo ulimruka.

Na Chui? Wengine waliogopa kwa sababu hawakujua. Chui aliogopa kwa sababu alijua. "Jitu ni mimi," akawaza. "Mimi niko hapa. Kwa hiyo pale hapana kitu. Lakini kitu kile pale! Kwa hiyo... kwa hiyo..." Na hapo akili ya Chui ikakanyaga ganda la ndizi.

"Lipo!" akalia. "Mama yangu, lipo la kweli!"

Akageuza shingo, akatimua mbio mlangoni bila kutazama, akauruka moto na hakuuvuka. Akaangukia makaa kwa tumbo na ubavu, cha! cha! cha! cha! Kila kaa likaacha alama yake. Akatoka nje akifuka moshi, akapanda mti wa kwanza aliouona, na mpaka leo mkimwona juu ya mti na madoa yake, msimuulize habari za pangoni. Ana aibu.

Ndani, wanyama walikuwa wameanguka kifudifudi.

"Ewe Mwenye Mkono Usoni!" akalia Mzee Kobe. "Umemla mlinzi wetu kwa kumtazama tu. Wewe ndiwe mkubwa wa Wakubwa. Tukupe nani? Sema, tukuletee!"

Sange akawatazama kutoka juu ya gogo. Waliompiga jana. Migongo yote imeinama. Akatikisa pua kidogo, na pango zima likatetemeka. Akatikisa tena. Nawaambia kweli, ilikuwa tamu. Akafungua kinywa ataje jina la Nungunungu.

"Mwanangu," akasema Bi Kirembe taratibu kutoka kwenye joto, "shuka kabla hujawa Chui."

Sange akasikia aibu imempanda mpaka masikioni. Akashuka kwenye gogo. Akatembea kuelekea ukutani, na kila hatua Mwenye Mkono Usoni akapungua. Akawa kama ng'ombe. Akawa kama mbuzi. Akawa kama panya. Akawa Sange, amesimama mbele yao na pua iliyovimba.

"Ni mimi tu," akasema. "Mimi na moto. Shingo?"

"Mbele," wakasema kwa mazoea.

"Nani alisema iwe mbele?"

"Chui."

"Chui yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi, shingo?"

Ikasikika sauti. Kre-e-e-ek. Alikuwa Mzee Kobe, na shingo yake ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Aligeuza akilia kwa maumivu. Akaona moto, akaona gogo, akaona mifupa midogo iliyokuwa pembeni mwa moto, mingi, na akaelewa ule mlango uliokuwa ukifungwa, khrup, ulikuwa mlango gani.

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa bingwa wa mkia."

Akalia. Hakuna aliyemcheka.

Sange hakuwakokota. Aliwatoa mmoja mmoja, jua likiwa limepoa, akawaonyesha kwanza vivuli vyao, kisha dimbwi, kisha juu. Popo peke yao walikataa. Walisema ukuta wa wazazi wao unawatosha, wakajining'iniza darini kichwa chini ili asiwepo wa kuwageuza. Wapo huko hadi leo.

Wa mwisho kutoka alikuwa Bi Kirembe. Macho yake yenye ukungu hayakuona ndege, hayakuona mlima. Sange alimshika mkono mpaka ukingoni mwa bonde. Upepo ukaja. Fyuuu. Nyasi zikamgusa usoni, zikainama, zikainuka, zikapita mpaka mbali.

Bi Kirembe akasimama muda mrefu.

"Si niliwaambia?" akasema. "Niliwaambia zitapita."

Hadithi imefika, imetua mzigo. Utamu wake mgawane, chumvi yake niachieni mimi.

Na mafunzo yake ni haya, sikilizeni vizuri, maana kesho nitawauliza. Mtoto mwenye adabu hageuzi shingo. Mtoto mwenye adabu hamuulizi mkubwa maswali, kwa maana wanaosema kuuliza si ujinga hawajamwona Chui alivyoungua. Na mkubwa akikwambia tazama ukuta, utazame, unyamaze, umshukuru. Mmenisikia?

Haya, tuone. Shingo?

Mbona kimya?

Shingo, nasema!

Aa. Mmeshageuka.